Kutu ya ngano ilivyomtikisa Lord Delamere mashambani Njoro

MNAMO 1909, Lord Delamere alikuwa amebakiwa na tumaini moja pekee katika shamba lake kubwa la Njoro. Kondoo aliowaagiza kutoka ng'ambo walikuwa wameangamia. Ng'ombe wa kigeni nao waliandamwa na maradhi hadi wakapukutika. Fedha zilikuwa zimemwishia, na kilichosimama kati yake na aibu ya kufunga virago kilikuwa ekari 1,200 za ngano.

Ngano hiyo nayo haikufua dafu. Adui wake alikuwa kutu, ugonjwa wa kuvu ambao huijaza mimea madoa ya rangi ya chuma kilicholiwa na unyevu. Mavuno aliyoyangoja mlowezi huyo hayakupatikana.

Kwa Wakenya wengi, jina la Delamere huibua mambo mawili: ardhi na siasa za walowezi. Ni haki liibue hayo, kwani yote mawili aliyashika kwa mikono miwili hadi kufa kwake. Lakini ipo sehemu ya maisha yake ambayo husimuliwa kwa nadra, na inamgusa kila anayenunua mkate au kukanda unga wa chapati. Ni kisa cha namna alivyotaka ngano iote katika nyanda za juu za Bonde la Ufa, na namna kuvu ambayo chembe zake hazionekani kwa macho matupu ilivyomzuia.

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Hugh Cholmondeley. Alizaliwa Aprili 28, 1870 katika ukoo wa makabaila wa Vale Royal, jimbo la Cheshire nchini Uingereza. Babake alipofariki mwaka wa 1887, kijana huyo wa miaka 17 alirithi mali ya ukoo pamoja na cheo, akawa Baron Delamere wa tatu. Alikuwa amesomea Eton, shule ya watoto wa matajiri, ila mapenzi yake yalikuwa kwa farasi na bunduki kuliko vitabu.

Bunduki ndiyo iliyomleta Afrika. Mwaka wa 1891 alifika nchi ya Wasomali kuwinda simba, akanogewa, akarudi tena na tena. Mnamo 1894 simba alimrukia na kumjeruhi vibaya. Aliokolewa na mbeba bunduki wake Msomali, Abdullah Ashur, ambaye alimvamia mnyama huyo kwa mikono na kumpa bwana wake nafasi ya kuifikia silaha yake. Delamere alitembea akichechemea tangu siku hiyo hadi kaburini.

Safari iliyobadilisha maisha yake ilianza mwaka wa 1896. Yeye na daktari mmoja kwa jina Atkinson waliondoka pwani ya Wasomali na msafara wa ngamia, wakapita jangwani, na mwaka wa 1897 wakapanda kwenye nyanda za juu za nchi ambayo leo ni Kenya. Baada ya miezi ya vumbi na kiu, mtu huyo aliona nyasi za kijani, mito ya maji baridi na asubuhi zenye ukungu mithili ya kwao Cheshire. Picha hiyo haikumtoka akilini. Mwaka wa 1899 alimwoa Lady Florence Cole, binti wa kabaila wa Ireland, na haukupita muda mrefu kabla ya wawili hao kuyapa kisogo maisha ya Uingereza.

Mwaka wa 1903 Delamere aliiomba serikali ya kikoloni ardhi. Ombi la kwanza lilikataliwa kwa sababu mahali alipotaka palikuwa mbali mno. La pili lilikataliwa kwa hofu kwamba lingezua ugomvi na Wamaasai waliokuwa wakiishi hapo. La tatu likakubaliwa: ekari 100,000 za Njoro kwa mkataba wa miaka 99, kodi ya pauni 200 kwa mwaka, na sharti kwamba atumie pauni 5,000 kuliendeleza shamba katika miaka mitano ya mwanzo. Aliliita Equator Ranch, kwa vile mstari wa ikweta hauko mbali na hapo.

Ikumbukwe kwamba mwaka uliofuata, 1904, ndio Wamaasai walitiwa katika mkataba uliowahamisha kutoka malisho yao ya Bonde la Ufa hadi Laikipia na upande wa kusini, ili walowezi wapate nafasi karibu na reli. Mwaka wa 1911 mkataba mwingine uliwaondoa Laikipia pia. Delamere aliijua lugha ya Wamaasai, aliwaajiri kuchunga mifugo yake na alikaa nao kwa saa nyingi akiwasikiliza. Hayo hayakumzuia kuwa mnufaishwa mkubwa wa kuhamishwa kwao.

Jambo la kushangaza ni kwamba Wamaasai wenyewe hawakuwa na mazoea ya kulisha mifugo kwenye nyasi zile za Njoro. Delamere hakulitilia maanani. Alileta madume ya kondoo kutoka Uingereza ili awazalishe na kondoo 11,000 wa Kimaasai, na mwaka wa 1904 akaagiza kondoo 500 wa merino kutoka New Zealand. Katika kila watano, wanne walikufa upesi. Baadaye ilijulikana kwamba udongo wa sehemu hiyo, licha ya kuotesha nyasi za kupendeza, una upungufu wa madini ambayo mnyama hawezi kuishi bila hayo. Ng'ombe aliowaagiza nao walipatwa na homa ya mapafu. Waliosalia aliwahamishia Soysambu, kando ya Ziwa Elmenteita, shamba alilolipata mwaka wa 1906.

Basi Njoro ikabaki haina mifugo, na Delamere akageukia plau.

Hoja yake haikuwa ya kipuuzi. Njoro iko zaidi ya mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hivyo joto lake ni la wastani. Udongo ulikuwa haujawahi kulimwa, mvua ilitosha na reli ilipita karibu. Alitaka kuuthibitishia ulimwengu kwamba ingawa aliishi kwenye ikweta, nchi yake haikuwa nchi ya joto la ikweta, na zao la kuthibitishia hilo lilikuwa lile lile linaloliwa na Wazungu kwao. Maksai wakafungwa nira, vibarua Waafrika wakawaongoza mbugani, na ekari baada ya ekari zikapinduliwa. Mwaka wa 1908 alishiriki pia kuanzisha kampuni ya kusaga nafaka, Unga Limited, ambayo jina lake lingali kwenye pakiti za unga madukani. Ni dhahiri alikuwa na imani na ngano kiasi cha kutangulia kutafuta kinu.

Ili kuelewa kilichomkuta, ni lazima kwanza kumfahamu adui mwenyewe.

Kutu ya ngano haisababishwi na mvua mbaya wala udongo mchovu, ingawa wakulima wengi wa zamani waliamini hivyo. Warumi wa kale walikuwa wakimchinjia mungu wao Robigus mbwa kila Aprili 25 ili ayaepushe mashamba yao na ugonjwa huo. Ukweli ulikuja kujulikana polepole katika karne ya 19. Kutu ni kuvu, kiumbe hai kinachoishi kwa kunyonya mmea ulio hai. Mmea ukifa, nayo hufa au hulala. Huzaana kwa spora, yaani chembe ndogo mno zinazofanya kazi ya mbegu. Kidonda kimoja kwenye jani hutoa maelfu ya spora kwa siku, na upepo huzibeba mamia ya kilomita.

Ngano huandamwa na kutu za aina tatu. Kutu ya shina, ambayo ndiyo hatari zaidi, hupasua ngozi ya bua na kulijaza vidonda vyekundu vya hudhurungi. Maji hupotea kupitia nyufa hizo, chakula kilichotengenezwa na majani hakifiki kwenye shuke, na punje husinyaa zikawa kama makapi. Mara nyingi bua huvunjika na shamba zima hulala chini. Kutu ya majani hushambulia majani. Kutu ya manjano hujipanga kwa mistari kwenye jani mithili ya ushanga, na hupenda baridi zaidi kuliko wenzake. Ngano yaweza kuonekana yenye afya wiki chache tu kabla ya mavuno, kisha mkulima anapopita shambani suruali yake inatoka na vumbi jekundu.

Hata hivyo spora peke yake haina nguvu. Ikitua kwenye jani kavu, hukaa hapo hadi jua liiue. Inahitaji utando wa maji juu ya jani kwa muda wa saa kadhaa mfululizo, na si lazima mvua inyeshe. Umande wa usiku mmoja unatosha. Inahitaji pia joto linaloifaa. Kutu ya shina huota vyema kukiwa na joto la kati ya nyuzi 15 na 24 za selsiasi, kisha hushamiri siku zinapokuwa na joto na jua. Kutu ya manjano huridhika na nyuzi 10 hadi 15. Baada ya kuingia ndani ya mmea, huchukua takriban wiki mbili kabla ya vidonda vipya kupasuka na kumwaga spora nyingine. Kwa hesabu hiyo, msimu mmoja wa ngano unatosha vizazi kadhaa vya kuvu, kila kizazi kikiwa na maelfu kwa maelfu zaidi ya kilichotangulia.

Mtu akiyatazama masharti hayo kisha akaitazama Njoro, ataona kwamba Delamere alikuwa ameiandalia kutu karamu. Usiku ni wa baridi na umande mzito. Ukungu hutanda asubuhi kutoka upande wa msitu wa Mau na kuchelewesha majani kukauka. Mchana jua huchoma. Ule unyevu na ubaridi uliomvutia Mwingereza huyo kwa sababu ulimkumbusha kwao ndio ulioiburudisha kuvu.

Tena kuna jambo ambalo Njoro inalo na Uingereza haina. Katika nchi za baridi, ngano huvunwa na baadaye majira ya theluji huja. Mimea mingi hufa au hulala, na kutu hupungua sana. Katika baadhi ya nchi hizo kutu ya shina huanza upya kila mwaka kwa msaada wa kichaka kiitwacho baberi, jambo ambalo mtaalamu Mjerumani Anton de Bary alilithibitisha mwaka wa 1865. Lakini kwenye nyanda za juu za ikweta hakuna theluji ya kuisafisha nchi. Ngano huweza kuwa changa mlimani wakati ya bondeni inavunwa, na mimea iliyojiotea yenyewe baada ya mavuno hubaki kijani. Kuvu hupata makao mwaka mzima. Kadiri walowezi walivyoongeza mashamba ya ngano, ndivyo walivyoiongezea kutu malazi.

Halafu kuna suala la udongo wenyewe na upanzi. Ardhi mpya yenye rutuba hutoa ngano nene iliyosongamana, majani laini yenye kuhifadhi unyevu ndani kwa muda mrefu. Ngano inayochelewa kukomaa hukaa shambani muda mrefu zaidi ikingoja kuambukizwa, ilhali ile inayokomaa mapema huweza kuponyoka kabla ya kutu kushika kasi. Na aina moja ya mbegu ikipandwa kwenye mamia ya ekari bila kuchanganywa, kuvu inayoiweza mimea mmoja inaiweza yote. Ekari 1,200 zilikuwa nyingi mno kwa mtu aliyekuwa hajui ni mbegu gani ingestahimili.

Dawa haikuwapo. Wakulima wa wakati huo waliweza kuosha mbegu kwa maji ya salfati ya shaba ili kuzuia ugonjwa wa fugwe, ambao hugeuza punje kuwa unga mweusi, lakini kutu huja kwa upepo na kuipata ngano ikiwa imekwisha kuota. Dawa za kunyunyizia ambazo mkulima wa Narok au Uasin Gishu hununua siku hizi zilikuwa bado miongo mingi mbele.

Mtu mwingine angerudi Cheshire. Delamere alikuwa ameweka mali ya ukoo rehani, na yeye na mkewe waliishi kwenye vibanda vya udongo na nyasi ambavyo mtumishi wao wa kule Vale Royal asingevikubali. Lakini alikuwa mkaidi wa kupindukia, tabia iliyowachosha magavana na maafisa wa serikali kwa miaka 30. Katika suala la ngano, ukaidi huo ulizaa matunda.

Badala ya kuendelea kupanda na kuomba heri, alianzisha maabara ya ngano shambani mwake na kuajiri wataalamu wa kuzalisha mbegu. Wazo lililowaongoza lilikuwa jipya. Nchini Australia, William Farrer, aliyefariki mwaka wa 1906, alikuwa ametumia miaka mingi akivusha chavua ya ngano moja hadi nyingine kutafuta zitakazostahimili ukame na kutu. Mnamo 1905, Rowland Biffen wa Chuo Kikuu cha Cambridge alionyesha kwamba uwezo wa ngano kuikinza kutu ya manjano hurithiwa na watoto wa mmea kwa utaratibu unaoweza kutabiriwa, kama vile rangi ya maua inavyorithiwa. Maana yake ilikuwa kubwa: mkulima hakuhitaji kungoja bahati, angeweza kuutengeneza ukinzani.

Huko Njoro mbegu ziliagizwa kutoka pembe mbalimbali za dunia. Miongoni mwake kulikuwa na ngano za Australia na ile ya Rieti kutoka Italia, iliyosifika kwa kuikinza kutu. Kazi ilikuwa ya subira. Mtaalamu hufungua ua dogo la ngano kwa kibano, akaondoa sehemu za kiume, akapaka chavua ya mmea mwingine, akafunika kwa karatasi na kungoja. Punje chache zinazopatikana hupandwa. Wajukuu wake hupandwa. Wanaougua hung'olewa, na wanaosimama huhifadhiwa. Aina moja iliyotokana na juhudi hizo ilipewa jina la Equator, sawa na shamba.

Delamere hakuwa mwanasayansi, na ni makosa kumvika joho hilo. Alichokuwa nacho ni fedha za kukopa na moyo wa kuzipoteza. Wakulima wa Kiafrika waliokuwa wakizuiwa kumiliki ardhi katika nyanda hizo hawakuwa na benki ya kuwavumilia kwa miaka mitano ya hasara. Jaribio lililomgharimu yeye utajiri wa ukoo lingemgharimu mkulima mdogo maisha yake.

Hakuweka mayai yote katika kikapu kimoja tena. Alijaribu kufuga mbuni kwa ajili ya manyoya yaliyopambwa kwenye kofia za wanawake wa Ulaya, akaagiza hata mashine za kuangulia mayai. Kisha magari yakaja, kofia pana zikaacha kuvaliwa, na biashara ikafa. Alipanda mahindi katika bonde la Rongai. Kufikia 1914 hesabu zake zilianza kuonyesha faida. Mwaka huo huo Lady Florence alifariki akiwa na umri wa miaka 36, kabla ya kuyafaidi matunda ya miaka kumi ya dhiki.

Kuhusu siasa zake mengi yameandikwa. Aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria lilipoundwa mwaka wa 1907 na akawa kiongozi wa walowezi kwa muda uliobaki wa maisha yake. Alipigania nyanda za juu ziwe za Wazungu pekee, alipinga Wahindi kupewa haki sawa, na mwaka wa 1923 alikuwa London kuishinikiza serikali ya Uingereza. Iliyotoka huko ni taarifa iliyotamka kwamba maslahi ya Waafrika yangetangulizwa nchini Kenya, ingawa kwa vitendo mengi hayakubadilika. Mnamo 1928 alioa tena.

Katika miaka hiyo ya 1920 serikali ilikuwa imeanza kuibeba kazi ya ngano. Mwaka wa 1927 kituo cha kuzalisha mbegu kilianzishwa Njoro, mahali pale pale ambapo kutu ilikuwa imethibitisha ubabe wake. Na ubabe huo ulikuwa bado una somo ambalo maabara ya Delamere haikuwa imelifikia.

Kuvu nayo hubadilika. Mwaka wa 1894 mtaalamu wa Uswidi, Jakob Eriksson, alionyesha kwamba kutu ya ngano si sawa na kutu ya shayiri nyeusi, japo kwa macho zinafanana. Kati ya 1916 na 1917, Elvin Stakman wa Minnesota nchini Marekani akagundua kwamba hata ndani ya kutu ya shina ya ngano kuna makundi mengi, kila kundi likiwa na uwezo wake wa kuambukiza. Mbegu inayolizuia kundi moja huweza kuanguka mbele ya jingine. Tena mbegu ya kistahimilivu ikienea kote nchini, kundi la kuvu linaloiweza ndilo pekee linalopata chakula, hivyo huzaana na kutawala. Ndiyo maana mkulima husikia mbegu ikisifiwa mwaka huu na baada ya miaka michache akaambiwa aitupe. Hakuna aliyemdanganya.

Lord Delamere aliaga dunia Novemba 13, 1931 akiwa na umri wa miaka 61. Alizikwa Soysambu. Aliacha mashamba yenye jina kubwa na madeni ya benki ya pauni 500,000, fedha nyingi ajabu kwa wakati huo. Dunia ilikuwa katika mdororo mkuu wa uchumi na bei ya nafaka ilikuwa imeporomoka. Kwa hivyo hata kama kutu ingemwachia kila punje, soko lingemnyonga.

Ngano za Kenya zilisafiri mbali kumshinda yeye. Kwa kuwa zilikuzwa mahali ambapo kutu hailali, wataalamu wa nchi nyingine walizitafuta kama dawa. Australia ilizalisha mbegu iliyoitwa Eureka kwa kutumia ukinzani wa ngano ya Kenya, ikawapa wakulima mwaka wa 1938. Kufikia 1942 kundi jipya la kuvu lilikuwa limeivunja. Huko Mexico, Norman Borlaug, aliyekuja kutuzwa Nobeli ya Amani mwaka wa 1970, alivusha ngano za Kenya na za kwao katika miaka ya 1940, na moja ya mbegu zilizotokana na kazi hiyo ikaitwa Kentana, jina ambalo ndani yake Kenya inasikika.

Kisha kutu ikajibu kutoka jirani. Mwaka wa 1998 kundi jipya la kutu ya shina lilipatikana Uganda, likapewa jina la Ug99 kwa kuwa lilitambuliwa rasmi mwaka uliofuata. Lilikuwa limeshinda kinga iliyotegemewa na ngano nyingi duniani kwa miongo kadhaa. Lilivuka hadi Kenya na Ethiopia, na kufikia 2007 lilikuwa limeonekana Yemen na Iran. Borlaug, akiwa na zaidi ya miaka 90, alikuwa miongoni mwa waliopiga mbiu mnamo 2005. Tangu mwaka huo Njoro imekuwa uwanja wa kimataifa wa kupimia ngano. Mbegu kutoka nchi nyingi hupandwa hapo kwa maelfu ili zikabiliane na kutu ya kweli. Aina ya Robin, iliyotolewa kwa wakulima wa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 2010 na kupendwa kwa mavuno yake, ilikuwa tayari imelemewa na kundi jingine kufikia 2014.

Barabara kuu ya Nairobi iliyobeba jina la Delamere, pamoja na sanamu yake ya shaba, ilibadilishwa Kenya ilipopata uhuru mwaka wa 1963. Barabara ikawa ya Kenyatta, na sanamu ikahamishiwa Soysambu. Huko Njoro, kituo kilichoanzishwa mwaka wa 1927 kingali kinafanya kazi chini ya shirika la taifa la utafiti wa kilimo. Kila msimu, kando ya vishamba vya majaribio, watafiti hupanda mistari ya ngano dhaifu kwa makusudi, wakaidunga kuvu kwa sindano na kuinyunyizia spora jioni umande unapokaribia kuanguka, ili ugonjwa uanzie hapo na kuzifikia zile nyingine.